Kettering: Mtoto wa mkulima aliyetuondolea hendeli

MVUA za kwanza zinapokaribia Songea, kati ya Novemba na Desemba, mwenye trekta huanza kuhesabu siku. Ruvuma ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, hivyo trekta likigoma kuwaka wiki ya kupanda, hasara yake hungojewa hadi mwaka unaofuata.

Wengi trekta likigoma hukimbilia kununua betri mpya. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, na maisha ya mtu aliyebuni stata ya umeme yanaonyesha sababu yake.

Charles Kettering alizaliwa Agosti 29, 1876 katika shamba karibu na mji mdogo wa Loudonville, Jimbo la Ohio, Marekani. Macho yalimsumbua tangu utotoni. Alifundisha shule, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, lakini macho yakamlazimu kuacha masomo kwa muda. Akaenda kuchimbia nguzo na kuvuta nyaya za simu, na huko akaujua umeme kwa mikono yake. Alirudi chuoni na kuhitimu uhandisi wa umeme mwaka 1904.

Mwaka huo huo aliajiriwa na kampuni ya National Cash Register mjini Dayton, iliyotengeneza mashine za kuhesabia mauzo madukani. Mashine hizo zilizungushwa kwa mkono. Kettering alizifungia mota ndogo ya umeme, akitumia ukweli mmoja rahisi: mota inayofanya kazi kwa sekunde chache na kupumzika inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko kawaida yake bila kuungua.

Mwaka 1909, yeye na mwenzake Edward Deeds walianzisha kampuni ya Delco. Kazi ilianzia katika banda la Deeds, jioni na siku za mapumziko.

Zama hizo gari liliwashwa kwa kuzungusha hendeli. Injini ikirudisha nyuma, hendeli iliweza kuvunja mkono. Wahandisi wengi waliamini kwamba mota ya kuwashia injini ingekuwa kubwa mno kubebwa na gari. Kettering alirudia somo la mashine ya dukani. Mwaka 1911 stata yake ilifanya kazi, na magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yakauzwa yakiwa nayo.

Baadaye Delco ilitengeneza jenereta zenye betri kwa ajili ya mashamba yasiyo na umeme. Wakazi wa Songea, mji ulioendeshwa kwa majenereta ya dizeli hadi gridi ya Taifa ilipofika mwaka 2018, wanaijua thamani ya kifaa kama hicho.

Hata hivyo, si kila alichogusa kilileta heri. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1947 aliongoza utafiti wa General Motors, na ni chini yake mwaka 1921 ilipogunduliwa petroli yenye risasi. Wafanyakazi kadhaa walikufa kwa sumu hiyo mwaka 1924, lakini biashara iliendelea. Dunia iliachana kabisa na petroli hiyo kwa magari mwaka 2021. Kettering alifariki Novemba 25, 1958 akiwa na miaka 82.

Je, mkulima anajifunza nini? Kwanza, stata bado ni mota ya kazi fupi. Usiishikilie zaidi ya sekunde 10. Ipumzishe dakika moja au mbili kabla ya kujaribu tena. Ukiing'ang'ania, utaiunguza.

Pili, katika sekunde hizo stata huvuta umeme mwingi sana. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri, au waya wa hasi uliolegea kwenye bodi, unatosha kuuzuia. Taa zikiwaka vizuri lakini stata ikagonga mara moja tu na kunyamaza, kagua viungo kabla ya kulaumu betri. Fungua waya wa hasi kwanza, safisha kwa brashi ya waya, kaza, na waya wa hasi urudishe mwisho.

Tatu, pima. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.6. Ikiwa chini ya 12.4, ichaji kwanza. Iliyojaa ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, huenda imechoka. Ikibaki juu na stata inajikokota, tafuta tatizo kwenye nyaya au stata yenyewe.

Nne, kukiwa kimya kabisa, angalia fyuzi na swichi za usalama. Matrekta mengi, kama zilivyo mashine za kukatia nyasi zinazoendeshwa kwa kukaliwa, hayawaki mpaka klachi ikanyagwe na shafti ya kuendeshea zana izimwe. Kamwe usiruke swichi hizo kwa kugusisha spana kwenye stata. Trekta likiwa kwenye gia litakukanyaga.

Kwa hesabu ya uchumi, brashi ya waya na mita ya volti ni gharama ndogo kuliko betri moja. Vinunue sasa, kabla wingu la kwanza halijatanda.