Albert Camus: Mtoto wa nyumba isiyo na vitabu

Mtoto akifeli, haraka tunasema hana akili au ni mvivu. Mara chache tunauliza anarudi nyumba ya namna gani baada ya masomo. Ndugu msikilizaji, leo tunakuletea maisha ya mwandishi Albert Camus.

Alizaliwa Novemba 1913 nchini Algeria, wakati huo ikitawaliwa na Ufaransa. Kabla hajatimiza mwaka, baba yake alikufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mama yake, aliyekuwa na tatizo la kusikia, alihamia kwa bibi mzaa mama jijini Algiers na kufanya kazi ya usafi katika nyumba za watu. Mama na bibi, wote hawakujua kusoma. Vitabu havikuwepo.

Shuleni, mwalimu Louis Germain aliona uwezo wake, akamfundisha bure baada ya masomo ili afanye mtihani wa ufadhili. Lakini bibi alitaka mjukuu aanze kazi, kwani nyumbani pesa ilihitajika. Mwalimu hakuishia darasani. Alikwenda nyumbani, akaongea na bibi mpaka akakubali. Mwaka 1924 Camus akafaulu.

Huko sekondari alikaa na watoto wa familia zenye uwezo. Katika riwaya inayofuata maisha yake, anasimulia mtoto anayeandika kazi ya mama yake kwenye fomu ya shule. Anaona aibu, kisha anaona aibu kwa kuionea aibu kazi hiyo. Mwaka 1930 Camus aliugua kifua kikuu, akatunzwa na mjomba aliyekuwa muuza nyama na mpenda vitabu. Hapo ndipo alipopata nyumba yenye vya kusoma.

Mwaka 1957 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Alimwandikia mwalimu wake barua ya shukrani. Alifariki kwa ajali ya gari Januari 1960.

Tusisahau kwamba watoto wengi wa Kiarabu na Kiberber wa Algeria hiyo hiyo hawakuingia shule kabisa. Akili walikuwa nazo, mlango hawakufunguliwa.

Camus naye alikuwa na akili, lakini bila mwalimu kubisha hodi kwa bibi, huenda angeishia kwenye vibarua. Je, kijijini kwako, ni mtoto gani anasubiri mtu wa kwenda kuongea na wazazi wake?