BABA SIMON KIMBANGU NA NJIA ASIYOIJUA



Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, Congo ya Chini, mwaka 1887. Mwaka 1915 alibatizwa na Wabaptisti. Mwaka 1918 akasikia wito wa kuchunga kundi la Kristo, akaogopa. Kazi ya mshahara aliijua, njia ya wito hakuijua. Akakimbilia Kinshasa, kwenye kiwanda cha mafuta. Moyo haukutulia, akarudi kwao.

Tarehe 6 Aprili 1921 alimwekea mikono mwanamke mgonjwa, na waaminifu hushuhudia kwamba alipona. Watu wakamiminika Nkamba. Mwezi wa sita Wabelgiji walikuja kumkamata, akawaponyoka, akafichwa vijijini miezi mitatu. Kujificha alikwisha kuzoea. Lakini mwezi wa tisa alirudi Nkamba, akajitoa mikononi mwao. Alihukumiwa kufa, mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30, akafia Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951.

Ndugu, sisi nasi hushikilia tulichozoea, hata kisipotupa amani. Baba Simon alikimbia kwanza, kisha akarudi. Basi tusimcheke ndugu anayeogopa leo. Tumwombee, naye atarudi.