Mzee Kenyatta alivyozinduka 1968 na kuongoza miaka 10 zaidi

HAYATI Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya, alifariki dunia alfajiri ya Agosti 22, 1978, katika Ikulu ya Mombasa. Siku iliyotangulia alikuwa Msambweni, mbele ya Tiwi na Diani kwenye barabara iendayo Lunga Lunga, alikohudhuria hafla na hali yake ikabadilika. Lakini miaka 10 kabla ya hapo, Pwani iyo hiyo nusura ishuhudie mauti yake.

Mzee alizaliwa Gatundu katika miaka ya 1890, akaitwa Kamau wa Ngengi. Alisomeshwa na wamishenari Thogoto, akaishi Uingereza kwa miaka mingi, na kurejea nyumbani mwaka 1946. Alikamatwa na wakoloni Oktoba 1952, akafungwa, na hakuachiliwa hadi Agosti 1961. Mwaka 1963 akawa Waziri Mkuu, na Desemba 12, 1964 akawa Rais.

Mnamo Mei 1968, akiwa Mombasa, Mzee alipatwa na kiharusi kizito, akapoteza fahamu.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, wala hauna akiba ya kutosha. Damu ikizuiwa kuufikia, kama ilivyo katika kiharusi, hudhurika. Damu ikifika bila sukari ya kutosha, huzimika vilevile, mithili ya taa iliyoishiwa mafuta. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka mno huweza kulegea upande mmoja, kuropoka na kuzimia, akadhaniwa ana kiharusi. Madaktari huharakisha kupima sukari, kwani ikirejeshwa mapema fahamu hurudi upesi. Ikicheleweshwa, mgonjwa huweza kuzinduka akiwa amepungukiwa kumbukumbu au usemi, ama asizinduke kabisa.

Mzee alizinduka. Akarudi kazini, ingawa kadiri umri ulivyosonga shughuli nyingi za kila siku aliwaachia mawaziri na maafisa wa karibu.

Ugonjwa huo uliwazindua wanasiasa pia. Hadi wakati huo, Rais akifariki, mrithi angechaguliwa na Bunge. Katikati ya mwaka 1968 Katiba ilirekebishwa: Makamu wa Rais angekaimu kwa siku 90, kisha uchaguzi ufanyike, na mgombea urais awe ametimiza angalau miaka 35.

Mwaka 1976 kundi la wanasiasa lilitaka kipengele hicho kibadilishwe ili Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, asipate nafasi ya kukaimu. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, aliwazima kwa kuwakumbusha kuwa kuwazia kifo cha Rais ni kosa linaloadhibiwa vikali.

Mauti yalipofika kweli Agosti 1978, utaratibu wa mwaka 1968 ulifuatwa. Moi aliapishwa siku hiyo hiyo kukaimu, Mzee akazikwa Nairobi Agosti 31, na kabla ya siku 90 kwisha Moi alithibitishwa kuwa Rais bila kupingwa. Nchi iliyoogopa kusambaratika ikabadilisha uongozi kwa amani, kwa sheria iliyotungwa kutokana na maradhi ya Mombasa.