Carey Francis: Mwalimu mkuu aliyemalizia kazi yake Pumwani akiwa mwalimu wa kawaida

KILA mwalimu mkuu anapostaafu huandaliwa sherehe. Mbuzi huchinjwa, wazazi huchanga pesa, kamati hutoa zawadi, na baada ya hotuba nyingi mstaafu hurudi kwake mashambani kupumzika. Ni haki yake.

Edward Carey Francis hakufuata njia hiyo. Alistaafu mwaka wa 1962, akiwa na umri wa miaka 65, baada ya kuiongoza Shule ya Upili ya Alliance kwa miaka 22. Angeweza kurudi kwao Uingereza na kuishi kwa heshima. Badala yake aliteremka hadi mtaa wa Pumwani, Nairobi, akaingia darasani kufundisha kama mwalimu wa kawaida, shule ikiwa chini ya mwalimu mkuu mwingine. Aliendelea hivyo hadi kifo chake mwaka wa 1966.

Ninayasimulia maisha yake kwa sababu hapa Malaba, ninakofundisha upande wa Uganda, uongozi wa shule umegeuka kuwa uchaguzi mdogo. Nafasi ya mwalimu mkuu ikibaki wazi, koo, makanisa na wanasiasa hushindana, kila mmoja akitaka mtu wake. Ni wachache wanaouliza huyo anayeletwa atawafanyia nini watoto. Walimu wenzangu wa upande wa Kenya huniambia kwamba kwao pia hali haina tofauti kubwa.

Kutoka Cambridge hadi Maseno

Francis alizaliwa London mnamo Septemba 13, 1897. Alikuwa mwanajeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akasomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alifaulu sana hata akaajiriwa kufundisha somo hilo katika chuo cha Peterhouse, ambacho ndicho kikongwe zaidi huko Cambridge.

Kwa msomi wa wakati ule, hapo palikuwa kileleni. Lakini mwaka wa 1928 aliiacha kazi hiyo, akajiunga na shirika la wamishonari la CMS na kutumwa Maseno, karibu na Kisumu. Shule ya Maseno ilikuwa imeanzishwa na CMS mwaka wa 1906, na ni miongoni mwa shule za zamani zaidi nchini Kenya.

Sisi watu wa mpakani tusidhani Maseno ilikuwa mbali nasi. Wakati huo Mkoa wa Nyanza ulienea hadi mpaka wa Uganda na kujumuisha sehemu ambazo leo tunaziita Kaunti ya Busia. Mtoto wa eneo hilo aliyetaka kuendelea na masomo alikuwa na shule chache mno za kutazamia, na Maseno ilikuwa mojawapo.

Francis alikaa Maseno kwa miaka 12. Alifundisha hisabati, alisimamia mabweni, na jioni alikuwa uwanjani na wavulana wakicheza kandanda. Mchezo huo aliuthamini kama somo. Aliamini kwamba uwanjani mvulana hujifunza kutii sheria, kushindwa bila kinyongo na kumpa mwenzake mpira.

Mmoja wa wanafunzi wake wa Maseno alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, ambaye baadaye alikuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1967, Odinga alimtaja mwalimu huyo kwa heshima, ingawa hakuficha mambo ambayo hawakukubaliana.

Miaka 22 Alliance

Mwaka wa 1940 Francis alihamishiwa Alliance, huko Kikuyu. Shule hiyo ilikuwa imefunguliwa mwaka wa 1926 kwa ushirikiano wa makanisa ya Kiprotestanti, na mwalimu mkuu wake wa kwanza alikuwa G. A. Grieves.

Chini ya Francis, jina la Alliance lilivuma kote nchini. Alikuwa mkali. Kengele ikilia, kila mtu alipaswa kuwa mahali pake. Kiboko kilitumika. Kazi ya mikono haikuwa adhabu bali sehemu ya ratiba, na mtoto wa chifu alishika jembe sawa na mtoto wa maskini.

Hakuoa, na maisha yake yote yalikuwa ndani ya ua la shule. Aliwajua wanafunzi wake kwa majina, na hata wakishaondoka aliendelea kufuatilia habari zao. Mwalimu yeyote anajua kwamba jambo hili ni gumu kuliko kushika kiboko.

Matunda yake yalionekana Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963. Baraza la mawaziri lilijaa watu waliopitia Alliance. Ronald Ngala na Julius Kiano ni baadhi ya viongozi waliosoma hapo. Wengine walikuwa makatibu wakuu, madaktari, maaskofu na walimu.

Shule katikati ya vita

Mtihani wake mkubwa ulikuja Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Alliance ilikuwa katika nchi ya Wakikuyu, katikati kabisa ya msukosuko huo. Wanafunzi wengi walikuwa na ndugu msituni, na wengine walikuwa na ndugu katika kikosi cha walinzi waliowasaidia Wazungu. Walilala bweni moja.

Francis aliwapinga Mau Mau waziwazi. Hata hivyo, pamoja na viongozi wengine wa makanisa, alilalamika pia kwa wakubwa wa serikali kuhusu ukatili wa askari dhidi ya raia. Msimamo huo haukumpendeza kila mtu.

Mwandishi marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Alliance mwaka wa 1955 na kukaa hapo hadi 1958. Kaka yake alikuwa msituni. Ngũgĩ alipokwenda nyumbani likizo ya kwanza, alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishwa. Alirudi shuleni, akasoma, akamaliza. Miaka mingi baadaye, katika kitabu chake cha 2012 kiitwacho In the House of the Interpreter, alieleza jinsi shule ilivyokuwa maficho yake, na pia jinsi ilivyokuwa sehemu ya utawala uleule uliobomoa kwao.

Nadhani hapo ndipo tunapomwona Francis vizuri. Nje ya ua mvulana aliulizwa kabila lake, kipande chake na ndugu zake. Ndani ya ua aliulizwa kama amemaliza hesabu zake.

Kasoro zake

Si vyema kumsifu mtu hadi tukamgeuza malaika. Francis alikuwa Mwingereza wa enzi yake. Aliwapenda Waafrika kama baba anavyowapenda watoto, na tatizo la baba wa namna hiyo ni kwamba hachelewi kusema watoto bado hawajakomaa. Aliwatilia shaka wanasiasa wa Kiafrika na kuona kwamba uhuru ulikuwa ukidaiwa kwa haraka mno. Historia haikumngoja.

Jambo la pili ni kwamba wazazi hawakuwa na sauti kubwa katika shule kama yake. Mwalimu mkuu aliamua, mzazi akashukuru.

Katika nchi hiyohiyo ya Wakikuyu palikuwa na mfano tofauti. Mwaka wa 1939 Mbiyu Koinange, ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Alliance, alifungua chuo cha walimu huko Githunguri. Wananchi walichanga pesa zao kukijenga, na kiliwafundisha walimu wa shule huru ambazo wazazi walizimiliki wenyewe. Jomo Kenyatta alikuja kukiongoza baadaye. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka wa 1952.

Githunguri ilikuwa na kitu ambacho Alliance haikuwa nacho: wenyeji walioweza kusema shule ni yao. Alliance nayo ilikuwa na kitu ambacho shule nyingi za jamii zilikikosa: mwalimu asiyehama, anayelipwa mshahara wa uhakika na anayelindwa na serikali. Shule nzuri inahitaji vyote viwili.

Pumwani

Ndiyo maana miaka minne ya Pumwani hunivutia kuliko ile 22 ya Alliance.

Pumwani ni mtaa wa zamani uliopangwa na wakuu wa mji wa Nairobi kwa ajili ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ni mtaa wa nyumba zilizosongamana, misikiti, wafanyabiashara wadogo na watu kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki. Haikuwa Alliance. Alliance ilichagua wavulana bora nchini na kuwaweka mbali na kelele. Shule ya mjini hupokea watoto wa mtaa, na mtaa huingia darasani pamoja nao.

Francis aliingia humo bila cheo. Hakuwa na ofisi ya kuamuru wala watu wa kumtetemekea. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa mawaziri, naye alikuwa akisahihisha madaftari. Kama aliwahi kuamini kwamba uongozi wa shule ni kiti, miaka hiyo ilimwonyesha vingine, nasi ikatuonyesha pia.

Alifariki Julai 1966. Kufikia wakati huo wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamegawanyika. Miezi michache tu kabla, Odinga alikuwa amejiuzulu serikalini na kuongoza chama kipya cha KPU, huku wenzake wakibaki na Kenyatta. Francis alizikwa Alliance. Miaka miwili baadaye, Sheria ya Elimu ya 1968 iliziweka shule chini ya usimamizi wa serikali, na makanisa yakabaki wadhamini.

Fundisho kwetu mpakani

Mwaka wa 1987, vita vya Alice Lakwena vilipofika Tororo, wazazi wangu walituvusha mpaka tukaingia Kenya. Nilikuwa darasa la kwanza. Shule ya kwanza tuliyobisha hodi ilitukataa kwa kuwa hatukuwa na karatasi zozote. Katika shule ya pili, mwalimu mkuu aliuliza majina yetu, akatuonyesha dawati, na habari za karatasi akasema zitafuata. Nilisoma Kenya hadi nikawa mwalimu, kisha nikarudi nyumbani.

Malaba ya leo ni mji wa malori, wabadilishaji pesa, mabodaboda na wachuuzi. Watoto huvuka asubuhi kwenda shule upande wa pili na kurudi jioni. Uganda ilipoondoa karo katika shule za msingi mwaka wa 1997, na Kenya ikafanya hivyo mwaka wa 2003, madarasa yalifurika pande zote mbili. Mtoto anayekuja bila karatasi yupo hata sasa, na hatima yake iko mikononi mwa mwalimu mkuu.

Wazazi sasa wana nafasi ambayo enzi ya Francis hawakuwa nayo. Kenya ina bodi za usimamizi kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na Uganda ina kamati za usimamizi chini ya sheria yake ya 2008. Lakini mara nyingi tunaitumia nafasi hiyo kupigania zabuni na ukoo wa mwalimu mkuu, badala ya kuuliza maswali ya maana. Je, anawajua watoto kwa majina? Huingia darasani? Mtoto wa mchuuzi kutoka ng'ambo akibisha hodi, atafunguliwa mlango?

Wanaoketi katika bodi na kamati hizo, Busia na Tororo, wayaulize maswali hayo wanapomtafuta mwalimu mkuu mwingine. Na anayeutaka ukuu wa shule ajiulize kama angekubali, siku cheo kikiondoka, kubaki na chaki mkononi katika shule ya mtaani kama alivyofanya Carey Francis.