Mwenyeheri Hermann wa Reichenau, Mtawa Aliyebebwa kwenye Kiti

Wimbo wa Salamu Malkia tunaouimba usiku kabla ya kulala, kwa karne nyingi umedhaniwa kuwa utunzi wa mtawa Mbenedikto aitwaye Hermann. Wataalamu wa leo wana mashaka. Lakini hata tukimwondolea wimbo huo, bado anabaki na mengi.

Alizaliwa tarehe 18 Julai 1013, kusini mwa Ujerumani ya leo. Baba yake, Wolfrad, alikuwa mwinyi wa Altshausen, na katika koo za namna hiyo mtoto wa kiume alithaminiwa kwa farasi na upanga. Hermann alikuwa amepooza tangu utotoni. Hakuweza kutembea, wala kujigeuza ubavu bila msaada, na maneno yake yalieleweka kwa shida. Ukoo wa wapiganaji ungemfanyia nini mtoto huyo?

Walimsomesha. Alianza masomo mwaka 1020 akiwa na miaka saba, na baadaye akawa mtawa katika monasteri ya kisiwa cha Reichenau. Huko aliandika juu ya muziki na hesabu, na historia ya dunia tangu kuzaliwa kwa Kristo. Alieleza namna ya kutengeneza astrolabu, chombo cha kupimia nyota ambacho Ulaya ilikipata kwa wataalamu Waarabu. Alipoona kuwa hesabu za kalenda zilizorithiwa hazilingani na mwezi uliokuwa ukionekana angani, alikokotoa upya urefu wa mwezi mwandamo. Yote hayo kwa vidole vilivyoandika kwa taabu. (Nami hulalamika nikipewa insha ya kurasa kumi!)

Katika falsafa tunafundishwa kwamba akili ndiyo inayomtofautisha binadamu na mnyama. Kwa nguvu tu, ng'ombe anatushinda sote. Hata hivyo, naona tusimsimulie Hermann kana kwamba mikono haina thamani. Kiti chake kilibebwa na wengine. Bila mikono yao, akili ile ingebaki kitandani.

Wanafunzi walimpenda, maana alikuwa mchangamfu na mpole. Alifariki tarehe 24 Septemba 1054, akiwa na miaka 41. Mwanafunzi wake Berthold aliandika habari za maisha yake, kisha akaendelea na kile kitabu cha historia kuanzia pale mwalimu alipoishia.