Charles New, Aliyeigusa Theluji ya Kilimanjaro



Mnaikumbuka theluji ya Februari 2021 hapa Katy? Wengi wenu mlikimbia nje kuigusa kwanza. Leo nawaletea habari za mtu aliyepanda Kilimanjaro kwa hamu kama hiyo.

Charles New alizaliwa Uingereza mwaka 1840. Alikuwa mmisionari wa Kimethodisti, na mwaka 1863 alikuja kufanya kazi Ribe, karibu na Mombasa.

Wachaga walikuwa wakiiona theluji ya mlima wao tangu zamani. Mmisionari Johannes Rebmann naye aliiona kwa mbali mwaka 1848, lakini wasomi wengine wa London walikataa kumwamini. Walisema karibu na Ikweta theluji haiwezi kuwepo.

Mwaka 1871 New alipanda mwenyewe. Baridi iliwashinda wengi wa wenzake wakabaki njiani. Tofiki, msaidizi wake kutoka pwani, alisonga naye mbali kuliko wengine. New akafika, akaigusa theluji kwa mkono. Alirudi pia na mimea ya mlimani, na ua moja linaitwa kwa jina lake hadi leo: Helichrysum newii.

Mwaka 1873 kitabu chake kilitoka London. Ndani yake alieleza safari hiyo, maisha ya watu wa pwani na bara, na ubaya wa biashara ya watumwa. Mwaka huohuo soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa.

Aliporudi Uchagani, Mangi Rindi wa Moshi alimnyang'anya mali zake. Akaanza kurudi pwani akiwa mgonjwa, akafa njiani mwaka 1875. Alikuwa na miaka 35 tu.

Sisi wauguzi tumefundishwa kutoandika kitu juu ya mgonjwa kabla ya kumtazama. New alifanya hivyo kwa mlima. Lakini angalieni jambo moja: ua lina jina la New, Tofiki hana ua. Tunamjua kwa sababu New aliliandika jina lake.

Kazi ya wiki hii: muulize mama, baba, bibi au babu ni nani aliyemsaidia katika safari ya kuja Marekani. Andika jina hilo kwa Kiswahili, ulilete Jumamosi. Wazazi, wasaidieni, lakini kalamu ishikwe na mtoto.

Mwalimu wenu