Sir William Huggins, Mwuza Hariri Aliyeichunguza Nuru ya Nyota

Wenzangu wa sayansi wanakijua kile kioo cha pembe tatu kilichomo katika kabati la chumba cha fizikia. Mwali wa jua ukipita ndani yake, nuru nyeupe hugawanyika ikawa ukanda wa rangi, nyekundu upande mmoja na zambarau upande wa pili. Bwana Mhariri amenipa nafasi kidogo, nami nimeamua kuitumia kwa habari za Mwingereza aliyeweka kioo cha namna hiyo nyuma ya darubini akaelekea nyota, naye hakuwa profesa wala hakupata kusoma Chuo Kikuu.

William Huggins alizaliwa London tarehe 7 Februari 1824. Baba yake alikuwa na duka la hariri na vitambaa. Kijana alikusudia kwenda Cambridge, lakini ikambidi kushika duka la wazazi wake, akapima vitambaa mchana na kusoma sayansi usiku kwa muda wa miaka kumi na zaidi. Mwaka 1854 waliuza biashara wakahamia Tulse Hill, nje kidogo ya mji, na mwaka 1856 akajenga nyumba ya darubini bustanini. Baada ya miaka miwili akanunua kioo cha inchi 8 kilichosuguliwa na Alvan Clark wa Marekani. Mambo aliyoyafanya wakati huo yalikuwa ya kawaida, kutazama sayari na kuchora alichokiona, na yeye mwenyewe akaanza kuchoka.

Mwaka 1859 Kirchhoff na Bunsen, huko Heidelberg, walieleza siri ya mistari myeusi iliyomo katika ukanda wa nuru ya jua. Kila elementi ikiwa mvuke wa moto hutoa mistari yake yenyewe, na mvuke huo ukiwa mbele ya nuru kali zaidi huimeza mistari ile ile. Basi mtu aweza kujua jua limefanywa kwa vitu gani bila kulifikia. Huggins aliposikia hayo aliona njia mpya. Jirani yake, William Allen Miller, alikuwa profesa wa kemia katika King's College. Miller alisita mwanzoni, maana nuru ya nyota ni hafifu mno, lakini akakubali.

Hapo nyumba ya darubini ikageuka karakana. Betri zenye moshi mbaya ziliwekwa nje ya dirisha, ndani kukawa na koili ya umeme na chupa za dawa, na cheche za umeme zikarushwa kati ya vipande vya metali. Kazi yake ni hii: nuru ya cheche iliingia katika upenyo ule ule ulioingiza nuru ya nyota, ili mistari ya metali ionekane kando ya mistari ya nyota. Kwa njia hiyo walitambua sodiamu, magnesiamu, kalsiamu na chuma katika Aldebaran.

Usiku wa tarehe 29 Agosti 1864 Huggins alielekeza darubini kwenye nebula moja katika kundi la Joka. Nebula ni kama wingu dogo la nuru, na wataalamu wengi walidhani kwamba darubini kubwa ya kutosha ingeonyesha kuwa kila wingu ni nyota nyingi zilizosongamana. Alipotazama hakuona ukanda wa rangi, ila mstari mmoja tu unaong'aa. Mimi napenda jambo alilolifanya hapo kuliko sifa zote alizopewa baadaye: hakushangilia. Alishuku kwamba chombo kimeharibika. Alipochungua aliona chombo ni kizima, tena ikatokea mistari mingine miwili hafifu. Ukanda wenye mistari mitupu hutoka kwa gesi. Wingu lile halikuwa kundi la nyota.

Kwa habari ya Sirius, bahati haikuwa nzuri hivyo. Nyota ikitukimbia mistari yake husogea kidogo upande wa nyekundu, na ikitujia husogea upande wa zambarau. Mwaka 1868 Huggins alilinganisha mstari wa haidrojeni wa Sirius na ule wa bomba la gesi, akatoa mwendo wa dunia yetu, akasema Sirius inatukimbia kwa maili 29 na zaidi kila sekunde, yaani kilometa 47. Njia ilikuwa ya kweli, na hesabu haikuwa. Sirius inatujia, kadiri ya kilometa 5 na nusu kwa sekunde. Jicho halikuweza kupima msogeo mdogo hivyo.

Siku hizi wapenzi wa nyota wasiolipwa mshahara hutumia kamera, na programu ya kompyuta huinyosha picha, huondoa nuru ya anga, kisha hukipa kila mstari kipimo chake. Lakini programu hudanganyika. Ikipewa picha ya taa ya neoni iliyopigwa kabla chombo hakijainama upande mwingine, itatoa hesabu safi iliyo ya uongo. Na mtu akisahau mwendo wa dunia, ataikosea nyota hata kwa kilometa 30 kwa sekunde. Dawa ni ile ile ya Tulse Hill, kuirudia taa kwanza.

Mwaka 1875, akiwa na miaka 51, Huggins alimwoa Margaret Lindsay Murray wa Dublin, mwenye miaka 27. Watu wengi humtaja bibi huyu kwa neno moja tu, na si haki. Alikuwa hodari wa kupiga picha, na mara walianza kutumia bamba kavu zilizopokea nuru kwa muda mrefu. Majina yao wawili yalikuja kuandikwa pamoja juu ya makala. Lockyer aliposema ule mstari mkubwa wa nebula ni wa magnesiamu, wao waliwasha magnesiamu mbele ya upenyo wakaona mistari hailingani. James Keeler wa Lick, California, alipima akakubaliana nao. Mstari ule ukabaki bila mwenyewe, hata ukapewa elementi ya kubuni, nebuliamu, mpaka mwaka 1927 Ira Bowen alipoonyesha kuwa ni oksijeni iliyopotewa na elektroni mbili.

Walikuwa na mbwa mkubwa aitwaye Kepler, aliyejibu maswali ya hesabu kwa kubweka. Nadhani aliutazama uso wa bwana wake.

Huggins alikuwa Rais wa Royal Society tangu 1900 hata 1905. Akafa tarehe 12 Mei 1910. Miaka miwili kabla, darubini kubwa alizokuwa ameazimwa na Royal Society zilifungwa zikapelekwa Cambridge.